Katikati ya Nani?

Mwaka 1822 wajumbe wa baraza la kutunga sheria la Florida waliotoka St. Augustine, pwani ya mashariki, walisafiri majini siku 59 ili wafike Pensacola, upande wa magharibi, kuhudhuria kikao cha kwanza cha baraza hilo. Mwaka uliofuata kikao kikahamia St. Augustine, na zamu ya kutaabika ikawa ya watu wa magharibi: siku 28 za kuizunguka rasi nzima. Marekani ilikuwa imekabidhiwa Florida na Hispania mwaka 1821. Ilirithi mikoa miwili ya kikoloni, kila mmoja na mji wake mkuu, na kati ya miji hiyo maili kama 400 za misitu, vinamasi na mito isiyo na madaraja. Kila mji ulikuwa na bandari yake, ngome yake na historia yake, na hakuna uliokuwa tayari kuupigia mwenzake magoti.

Wakakubaliana jambo moja: kila upande utoe mtu mmoja, wakutane njiani, watafute mahali papya. Daktari William Simmons akatoka St. Augustine kwa farasi. John Lee Williams akatoka Pensacola kwa chombo cha majini. Walikutana St. Marks mwezi Oktoba 1823, wakapanda pamoja kuelekea kaskazini hadi kwenye vilima ambako maji yaliporomoka na palionekana alama za mashamba ya zamani. Wakapapenda. Mwaka 1824 pakasimamishwa nyumba ya magogo, baraza likakaa humo, na mji ukaitwa Tallahassee, jina la Kimuskogee linaloelezwa kuwa na maana ya mji wa kale au mashamba ya kale.

Mashamba hayo yalikuwa na wenyewe. Watu wa Apalachee walikuwa na mji mkubwa hapo karne tatu kabla, na wakati Simmons na Williams wanafika, mwenyeji wa eneo lile alikuwa Neamathla, kiongozi wa Waseminole. Mwezi Septemba mwaka huohuo, katika Mkataba wa Moultrie Creek, Waseminole walikuwa wametakiwa kuhamia kwenye hifadhi katikati ya rasi, na Neamathla alikuwa miongoni mwa viongozi wachache walioachiwa vipande vya ardhi kaskazini. Aliwapokea wageni wake bila furaha. Mwaka uliofuata Gavana William DuVal alimvua uongozi wa watu wake.

Kila ninaporudi kwenye habari ya miji mikuu ya majimbo ya Marekani, na nimerudi mara nyingi, kisa hiki cha Florida hunirudisha kwenye swali lilelile. Watu wawili walipewa kazi ya haki kabisa: tafuteni katikati, ili asiwepo mtu wa kuteseka kuliko mwingine. Waliifanya kwa uaminifu. Lakini hiyo katikati ilikuwa katikati ya nani?

Anayeitazama ramani ya Marekani kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kwamba mji mkuu wa jimbo la New York ni Albany, wa Illinois ni Springfield, na wa California ni Sacramento. Kati ya majimbo 50, yale ambayo mji wake mkuu ndio pia mji wake wenye watu wengi zaidi ni kama theluthi tu. Montpelier, mji mkuu wa Vermont, una watu wapatao 8,000. Juneau, mji mkuu wa Alaska, haufikiwi kwa barabara kutoka popote. Mbunge huenda huko kwa ndege au kwa meli. Mgeni anaweza kudhani ni bahati mbaya ya historia. Mara nyingi ilikuwa makusudi, na makusudi yenyewe yalikuwa na msingi mzito.

Enzi za ukoloni wa Waingereza, utawala uliishi bandarini. Gavana alikuja kwa meli na barua zake zilikuja kwa meli, na wafanyabiashara wakubwa walikuwa majirani zake. Mkulima wa bara aliyetaka kuandikisha shamba, kufuatilia kesi au kupeleka malalamiko, alipanda farasi siku kadhaa. Alilipia kivuko, malazi na majani ya farasi, na akifika anakuta wenye maduka na maghala wameshazungumza na wakubwa usiku uliopita, mezani, wakila chakula cha jioni. Umbali ulikuwa kodi, nayo ilitozwa wale waliokuwa na kidogo.

Ndiyo maana baada ya uhuru madai ya kuhamisha makao makuu yalizuka karibu kila mahali kwa wakati mmoja. Virginia ilitoka Williamsburg ikaenda Richmond mwaka 1780, kwa sehemu kwa kuhofia manowari za Waingereza. South Carolina iliamua mwaka 1786 kuutoa utawala Charleston na kuujengea mji mpya katikati ya jimbo, Columbia. Pennsylvania iliondoka Philadelphia mwaka 1799 ikatulia Lancaster, kisha Harrisburg mwaka 1812. Georgia iliufuata umati wa walowezi hatua kwa hatua: Savannah, Augusta, Louisville, Milledgeville, na hatimaye Atlanta mwaka 1868.

North Carolina ililipima jambo hili kwa namna inayonivutia kuliko zote. Mwaka 1788 wajumbe wake waliamua kwamba mji mkuu uwe ndani ya maili 10 kutoka kwa Isaac Hunter, mtu aliyekuwa na shamba na nyumba ya kulaza wasafiri. Yaani mkutano mzima ulichukua mahali ambapo wasafiri walikuwa tayari wanapumzisha farasi, ukachora duara kuzunguka hapo. Makamishna walipokwenda kuchagua kiwanja mwaka 1792 walilala nyumbani kwa Joel Lane, na mwishowe wakanunua ekari 1,000 za Joel Lane huyohuyo. Watu wa huko bado wanasimulia kwamba ukarimu wa mwenye nyumba, hasa kinywaji chake cha matunda, ulisaidia kuamua. Sina haja ya kinywaji kuielewa biashara hiyo. Mtu anayekulaza na kukulisha wakati unatafuta ardhi, naye ana ardhi, hahitaji kusema mengi.

Mji ukapewa jina la Walter Raleigh, Mwingereza aliyegharimia majaribio ya kwanza ya kuweka walowezi pwani ile karne mbili nyuma. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga North Carolina.

Indiana ilikwenda mbali zaidi katika hesabu ya katikati. Mji wake mkuu ulikuwa Corydon, kusini kabisa karibu na mto Ohio, mahali ambapo walowezi walikuwa wengi. Mwaka 1818, kwa mikataba ya St. Mary's, watu wa Lenape, Miami na mataifa mengine waliachia eneo kubwa la katikati ya jimbo. Walowezi waliliita Ununuzi Mpya. Miaka miwili tu baadaye makamishna 10 waliteuliwa kwenda kutafuta makao makuu ndani ya eneo hilo, wakati wino wa mikataba ulikuwa bado mbichi na Walenape wengi walikuwa hawajafunga mizigo yao. Walichagua mahali ambapo kijito cha Fall Creek kinaingia White River. Jina, Indianapolis, lilitungwa mwaka 1821 kwa kuunganisha jina la jimbo na neno la Kigiriki la mji. Mpima ardhi Alexander Ralston, aliyekuwa amesaidia kuchora ramani ya Washington, akachora mraba wa maili moja kila upande na duara katikati yake.

Mhazini wa jimbo, Samuel Merrill, ndiye aliyesimamia kuhama. Mwishoni mwa mwaka 1824 alipakia fedha za serikali na nyaraka kwenye mikokoteni ya farasi, akaondoka Corydon na familia yake. Safari ilikuwa ya maili kama 125 na iliwachukua siku kama kumi, kwani kuna mahali palikuwa hapana njia, ikabidi wakate miti ndipo gurudumu lipite. Nafikiria hazina nzima ya jimbo ikilala porini usiku, mlango wa hazina ukiwa ni turubai, na najua wale watu waliamini walichokuwa wakikifanya. Walidhani pia kwamba White River ungebeba meli. Mwaka 1831 meli moja ya mvuke ilijaribu, ikakwama mchangani. Mji ukaishi kwa barabara na baadaye kwa reli, kwa sababu serikali ilikuwa imeshakaa pale na kila njia ilibidi iifuate.

Rhode Island iliwahi kutoa jibu jingine, na naliona bora kuliko duara na mraba wowote. Jimbo hilo, dogo kuliko yote, halikuwa na mji mkuu mmoja. Bunge lilizunguka kwenye makao ya wilaya zake tano, likikaa hapa kikao hiki na pale kikao kijacho. Lilifanya hivyo hadi mwaka 1854, kisha likabaki na miji miwili, Newport na Providence, hadi mwaka 1900. Connecticut nayo iligawa makao yake kati ya Hartford na New Haven hadi 1875. Vermont ilikuwa na bunge la kuhamahama kabla ya kuichagua Montpelier mwaka 1805. Kwa utaratibu huo taabu ya njia ilikuwa ya watawala, na mwananchi angalau mara moja moja aliwaona wakubwa wakishuka farasi mbele ya nyumba yake. Uliachwa kwa sababu nyaraka zilikuwa nyingi, majengo yalikuwa ghali na makarani walichoka. Sababu za kweli zote, lakini naona kilichopotea kilikuwa kikubwa.

Mahali papya palipotafutwa, palitafutwa na wengi, na si wote waliokuwa na nia ya Simmons na Williams. Pori linalotangazwa kuwa makao makuu hupanda bei usiku huohuo. Hakuna kisa kinacholionesha hilo kama cha Wisconsin.

Baraza la kwanza la Wisconsin lilikutana Belmont mwaka 1836, kwenye majengo ya mbao yaliyojengwa haraka, baridi ikipenya kila ubao. James Duane Doty, aliyewahi kuwa jaji wa serikali kuu, alikuwa amezunguka nchi ile miaka mingi na aliijua kuliko wajumbe wote. Yeye na mshirika wake Stevens Mason, gavana wa Michigan, walikuwa wamenunua zaidi ya ekari 1,000 kwenye shingo nyembamba ya ardhi kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Hapakuwa na nyumba hata moja. Doty alikuja Belmont na ramani ya mji usiokuwepo: kiwanja cha bunge juu ya kilima katikati, na barabara zikitoka hapo pande zote. Mji aliuita Madison, kwa heshima ya rais wa nne, James Madison, aliyekuwa amefariki mwezi Juni mwaka huo. Barabara zikapewa majina ya watu 39 walioitia saini Katiba ya Marekani. Nani angesimama barazani aipinge ramani iliyobeba majina hayo?

Hata hivyo hakuyategemea majina peke yake. Wajumbe kadhaa walijikuta na hati za viwanja vizuri katika mji huo wa kwenye karatasi. Kwa wale waliotetemeka kwa baridi, aliagiza majoho ya ngozi ya nyati, akayagawa. Miji zaidi ya kumi ilikuwa ikigombea. Mwishoni mwa Novemba kura ikapigwa, Madison ikashinda. Miaka mitano baadaye Doty alikuwa gavana wa Wisconsin.

Ardhi ile ya maziwa manne watu wa Ho-Chunk huiita Teejop. Waliiachia serikali kwa mkataba wa mwaka 1832, mwaka wa vita vya Black Hawk, baada ya shinikizo ambalo hakuna mtu mkweli anayeliita mazungumzo. Waliondolewa kwa nguvu si mara moja, na kila walipoondolewa baadhi yao walirudi kwa miguu. Wapo Wisconsin mpaka leo. Majina 39 yapo kwenye vibao vya barabara za Madison. Teejop ilichelewa sana kuandikwa popote.

Michigan ilifuata njia ya karibu na hiyo. Katiba yake ya mwaka 1835 iliagiza makao makuu ya kudumu yapatikane ifikapo 1847, na Detroit haikutakiwa na wengi, maana ilikuwa mpakani na Waingereza waliwahi kuiteka mwaka 1812. Mwenye ardhi mmoja, James Seymour, alijitolea eneo katika msitu wa Lansing, na wabunge, walioshindwa kukubaliana juu ya mji wowote uliokuwapo, wakakubaliana juu ya msitu. Jina la Lansing lilikuja na walowezi kutoka New York, ambako mji wao wa awali uliitwa kwa jina la jaji John Lansing. Jaji huyo alitoka hotelini kwake katika jiji la New York jioni moja ya Desemba 1829 kwenda kuposti barua, na hakuonekana tena.

Majina ya miji hii mikuu yananieleza mengi juu ya nani alikuwa anaombwa nini. Mwaka 1858 William Larimer alikimbilia machimbo ya dhahabu chini ya milima ya Rockies, akatwaa kiwanja ambacho wengine walishakidai, akakiita Denver kwa jina la James Denver, gavana wa Kansas, maana eneo lile lilikuwa chini yake. Alitaka upendeleo wa gavana. Hakujua kwamba gavana alikuwa ameshajiuzulu. Mji wa Edwinton, huko North Dakota, ulibadilishwa jina mwaka 1873 ukaitwa Bismarck, kwa kuwa kampuni ya reli ilihitaji fedha na ilitumaini Wajerumani wangevutiwa na jina la kansela wao. Nebraska wanasimulia kwamba mwaka 1867, Omaha ilipokuwa karibu kunyang'anywa makao makuu, seneta mmoja wa Omaha alipendekeza mji mpya uitwe Lincoln. Alijua kuwa wapinzani wake wa kusini mwa mto Platte walikuwa na huruma na majimbo ya Kusini yaliyoshindwa na serikali ya Rais Lincoln katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akadhani wataukataa mji kwa sababu ya jina. Walimeza jina wakachukua mji.

Lipo jina moja ambalo siwezi kulipita kwa wepesi. Oktoba 1820, katika Mkataba wa Doak's Stand, Andrew Jackson aliwabana Wachoctaw wakaachia ekari zaidi ya milioni 5 huko Mississippi. Ndani ya ardhi hiyo jimbo likachagua makao makuu mapya kwenye ukingo wa mto Pearl mwaka uliofuata, likayaita Jackson. Jackson alipokuwa rais alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji mwaka 1830, na mwezi Septemba mwaka huo mkataba mwingine, wa Dancing Rabbit Creek, ukachukua kilichobaki cha nchi ya Wachoctaw upande wa mashariki wa mto Mississippi. Katika miaka mitatu iliyofuata maelfu walitembezwa kwenda magharibi, wengi wakafia njiani kwa baridi na kipindupindu. Mji mkuu wa jimbo hilo, ambao leo wakazi wake walio wengi ni Weusi, bado unaitwa kwa jina la mtu aliyewafukuza wenyeji na kumiliki watumwa. Naona lingefaa kubadilishwa, na sioni haya kulisema.

Mji mkuu ukishawekwa haukuwa salama. Mwaka 1857 mabaraza mawili ya Minnesota yalipitisha muswada wa kuhamisha makao makuu kutoka St. Paul kwenda St. Peter, ambako gavana mwenyewe alikuwa na hisa katika kampuni ya viwanja. Joe Rolette, mwenyekiti wa kamati iliyotunza miswada iliyopitishwa, akaichukua hati, akajifungia nayo hotelini, na hakutokea mpaka muda wa kikao ulipokwisha usiku wa manane. St. Paul ikabaki. Oklahoma nako, sheria ya serikali kuu iliyolikubali kuwa jimbo iliagiza makao makuu yakae Guthrie hadi mwaka 1913. Gavana Charles Haskell, ambaye hakupatana na Guthrie kisiasa, aliitisha kura tarehe 11 Juni 1910. Oklahoma City ikashinda, na kufikia asubuhi muhuri wa jimbo ulikuwa umeshatolewa Guthrie na kupelekwa hotelini Oklahoma City. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo lina haki ya kuchagua mji wake mkuu wakati wowote, na kwamba serikali kuu haiwezi kuliwekea sharti la namna hiyo.

Kuna wasemaji wa Kiswahili wanaoishi ndani ya matokeo ya ugomvi huu. Boise, Des Moines na Lansing zimepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, watu waliofika wakiwa na Kiswahili mdomoni na barua za mashirika ya kuwapokea mkononi. Leseni ya udereva ya baba, cheti cha uuguzi cha mama, sehemu kubwa ya fedha za shule ya watoto, hayo yote huamuliwa na jimbo, kwenye jengo lenye kuba ambalo huenda wanalipita wakielekea kazini. Wao wako karibu na utawala kwa maili chache tu. Mlango wa jengo hilo uko wazi kwa umma, na vikao vya kamati husikiliza watu wa kawaida. Natamani wangeambiwa hivyo mapema, kwa sababu karibu kwa maili si karibu kwa sauti.

Hilo lilidhihirika Alabama kuliko popote.

Alabama ilipoingia katika muungano mwaka 1819 iliamua mji mkuu wake uwe Cahaba, mahali ambapo mto Cahaba unakutana na mto Alabama. Hoja ilikuwa ileile: katikati ya jimbo, kwenye maji. Maji yakapanda. Mafuriko yakawapa wapinzani hoja waliyoitaka, na kufikia mwaka 1826 bunge likahamia Tuscaloosa. Cahaba haikufa mara moja. Pamba iliilea kwa muda. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe makao ya wilaya yalihamishiwa Selma, maili chache tu kutoka hapo, na Cahaba ikabaki nguzo na visima.

Wakati huohuo, mtu mmoja kutoka Massachusetts aitwaye Andrew Dexter alikuwa akingoja. Mwaka 1817 alikuwa amenunua ardhi na kuanzisha mji ambao miaka miwili baadaye uliungana na jirani yake ukaitwa Montgomery, kwa jina la Jenerali Richard Montgomery aliyeuawa Quebec mwaka 1775. Dexter alikataa kuuza kilele cha kilima kilichokuwa mwisho wa barabara kuu. Alisema siku moja bunge la jimbo litasimama pale. Mbuzi walikuwa wakilisha juu yake, watu wakakiita Kilima cha Mbuzi. Dexter alikufa mwaka 1837. Kura ya kuhamisha makao makuu kwenda Montgomery ilipigwa mwaka 1846, na jengo likasimama pale alipopaacha.

Ardhi hiyo ilitoka kwa Wacreek mwaka 1814, katika mkataba wa Fort Jackson ulioandikwa na Andrew Jackson huyohuyo. Chini ya kilima, mwisho wa pili wa barabara yenye jina la Dexter, ulikuwa uwanja ambapo watu waliuzwa kwa mnada. Juu, tarehe 18 Februari 1861, Jefferson Davis aliapa kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa; nyota ya shaba inaonesha aliposimama. Kwenye barabara hiyohiyo, hatua chache kutoka kwenye ngazi za bunge, lipo kanisa la matofali ambalo Martin Luther King alikuwa mchungaji wake kuanzia mwaka 1954. Rosa Parks, aliyekataa kumwachia Mzungu kiti chake ndani ya basi, alilipandia basi hilo kwenye ule uwanja wa chini. Weusi wa Montgomery walikuwa karibu na utawala kiasi cha kuweza kusikia milango yake ikifungwa, na bado hawakuhesabiwa.

Walipodai kuhesabiwa, walianzia Selma. Katika wilaya ile, Weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa kama 15,000, na walioandikishwa walikuwa mia chache tu. Tarehe 7 Machi 1965, walipoanza kuandamana kwenda Montgomery, walipigwa darajani na askari wa jimbo. Tarehe 21 walitoka tena, wakalindwa na jeshi la serikali kuu, wakatembea maili 54 kwa siku tano, mvua ikiwanyea na usiku wakilala kwenye mahema mashambani. Ni siku kadhaa za njia, kama zile za mkulima wa enzi za ukoloni aliyekwenda kumfikia mtawala wake.

Tarehe 25 Machi walifika Montgomery, watu wapatao 25,000, wakapanda barabara ya Dexter. Jukwaa liliwekwa barabarani, chini ya ngazi. Gavana George Wallace alikuwa ndani ya jengo na hakutoka kuwapokea. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini mjini Washington tarehe 6 Agosti mwaka huohuo.